Pikipiki ya Marehemu

Kiki ya pikipiki ilimrudi Fundi, ikamchapa kwenye ugoko. Aliinama akaushika mguu, akayameza matusi yaliyokuwa yameshafika mdomoni, maana mama mkwe alikuwa ameketi palepale kwenye mlango wa jikoni, anachambua mchele.

"Pole, baba," mama mkwe alisema.

"Asante, mama."

Pikipiki ilisimama katikati ya stoo, nyekundu, nyembamba, maridadi kama mgeni aliyekuja kula tu. Ilitoka Italia enzi ambazo mama mkwe alikuwa bado msichana. Gia ziko mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto, kiki nayo kushoto, kana kwamba aliyeiunda aliichora akiitazama kwenye kioo. Baba mkwe aliiendesha maisha yake yote. Alipoona safari yake imefika akasema apewe Fundi, kwa kuwa ndiye mwenye mikono.

Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtia aibu. Kazini alifufua mafriji ambayo wenzake walishayakatia tamaa. Nyumbani, tangu msiba uishe, hajaisikia pikipiki hii ikikohoa. Jumamosi moja alisafisha kabureta. Jumamosi nyingine akabadilisha plagi. Kisha akang'oa nyaya zote, akazifunga upya moja moja. Kimya.

Na kama kutowaka hakutoshi, ilikuwa na vituko. Alijaza tangi, akafunga koki, wiki ikiisha anakuta mafuta yako chini kabisa. Aliweka sufuria chini ya injini aone yanakovujia. Sufuria ikabaki kavu. Cheni aliyoikaza ililegea. Kioo cha pembeni alichokipanga sawa na macho yake alikikuta kimeinama, kinatazama chini kama mtoto aliyekosa. Akakikaza kwa spana mbili mpaka akachubuka vidole. Jumamosi iliyofuata kilikuwa kimeinama vilevile.

"Labda panya wamejifunza kunywa petroli," mke wake alisema. "Ndiyo maana siku hizi wana mbio."

Fundi hakucheka. Mke alikuwa fundi cherehani, amechoka kupanga chumba cha kushonea huko sokoni, na stoo ile aliitolea macho siku nyingi. Walishakubaliana: mwezi ukiisha kabla pikipiki haijawaka, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Fundi alikubali kwa mdomo tu. Kuiuza aliona ni kumzika mzee mara ya pili, tena kwa kilo.

Akapiga kiki tena. Na tena. Jasho likamwingia machoni.

"Marehemu alikuwa haikurupushi," mama mkwe alisema bila kuinua macho kwenye ungo. "Kwanza anaitekenya pale kwenye kabureta mpaka ilowe. Halafu kiki anaisukuma polepole, ikikaza anaiachia kidogo, ndipo anaipiga."

"Ndiyo, mama," Fundi alijibu kwa adabu, akachukua spana akaanza kufungua plagi. Mama wa watu alijua mchele. Mashine zina wenyewe. Naye mama mkwe hakurudia. Angemsemaje mkwe wake mara mbili?

Mke alitoa kichwa dirishani. "Mama, eti jana ulikwenda tena kwa mama mdogo? Kule ni mbali, na magoti yako yale."

"Nilifika, si nilifika?"

"Ulipanda nini?"

"Kwani jioni mlikosa chakula?" mama mkwe alisema, akapeta mchele wake.

Mwezi ukaisha. Fundi alimwita mnunuzi Ijumaa mchana, makusudi, akaomba ruhusa kazini. Alijijua: ikifika Jumamosi ataomba Jumamosi nyingine. Mke naye alifunga kazi mapema, maana alimjua mume wake kuliko mume alivyojijua mwenyewe.

Mnunuzi alifika na mkokoteni, mizani ikining'inia ubavuni. Fundi alifungua mlango wa stoo. Sufuria ilikuwa pale chini, kavu. Pikipiki haikuwapo.

"Imeibwa," mke alisema, akakaa juu ya ndoo.

"Imeibwaje?" Sauti ya Fundi ilipanda, mishipa ikamsimama shingoni. "Haiwaki hii. Mwizi gani atabeba chuma chote kile begani?"

Alizunguka stoo kana kwamba pikipiki imejificha nyuma ya ndoo. Mpaka dakika ile alikuwa anajidanganya kwamba angeweza kusimama pale akaitazama ikipandishwa kwenye mkokoteni. Sasa hata huo mkokoteni angeukubali, ilimradi aione mara moja tena.

"Mimi nilikuja kupima chuma," mnunuzi alisema, "sikuja kupima hewa."

Mwisho wa mtaa kitu kilinguruma, sauti nzito, iliyotulia, inayohesabu bila haraka. Watoto waliokuwa wakicheza mpira njiani walisogea pembeni bila hata kugeuka. Muuza duka wa kona aliinua mkono kusalimia, macho yakiwa kwenye mizani yake.

"Aa, huyu," mnunuzi alisema. "Hupita kwangu kila siku."

Pikipiki nyekundu ilikata kona, ikaingia getini, ikazimwa kwa ustaarabu mbele ya mkokoteni. Aliyeipanda alivua helmeti, akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani.

"Kumbe leo mmewahi kurudi," mama mkwe alisema. Kisha akagonga kioo cha pembeni kwa kidole. "Baba, naomba hiki usikiinue tena. Kila Jumatatu napata kazi ya kukirudisha."