Sauti ya Kalunde kwa Nyanzobe

Siku hizi ukiandika juu ya mtu mtandaoni, spika ya sebuleni kwake huyasoma maneno yako kwa sauti yako mwenyewe, na haizimiki mpaka imalize. Kalunde, nahodha wa timu ya mpira wa wavu ya mtaani, alilijua hilo. Lakini walipofungwa fainali aliandika kwa hasira: "Nyanzobe ametuponza. Gunia la mpunga litarukaje?"

Alipofika nyumbani aliona haya. Akayafuta maneno yale, akaenda kwa Nyanzobe kuomba radhi.

Nyanzobe alimkaribisha kiti. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tulikuwa tunakula na mama mkwe, dada. Spika ilisoma yote."

"Nisamehe, mwenzangu. Hasira ilinizidi."

"Yameisha. Tutaonana mazoezini."

Kalunde akashusha pumzi. Binti mdogo wa Nyanzobe alichungulia mlangoni, naye Kalunde akamwita kwa upole, "Njoo unisalimie, mwanangu."

Mtoto aliposikia sauti ile, alikimbilia nyuma ya mama yake akaanza kulia. "Mama, ndiye yule!"

Kalunde alifungua kinywa amwombe radhi naye pia, kisha akakifunga.