Kinu cha Bi Ngiri

Alikuwepo Bi Ngiri, mkulima wa alizeti asiyejua kuchoka. Kila msimu Mbweha, mwenye vinu ng'ambo ya mto, alivuka daraja, akachukua magunia kumi ya alizeti ya Bi Ngiri, kisha akamrudishia debe moja la mafuta.

"Mbona kidogo hivi, kaka?" Bi Ngiri aliuliza.

"Kukamua ni kazi ya wataalamu, dada. Wewe lima tu."

Mwaka mmoja mafuriko yakalizoa daraja. Alizeti ilirundikana ghalani, ikaanza kushika ukungu, na Bi Ngiri akakosa hata hamu ya kula. Mwishowe alichonga kinu cha gogo, akamwendea Kifaru, ambaye majirani walimdharau kwa uvivu.

"Nisaidie kusukuma mti wa kinu, shemeji. Mashudu yote yatakayobaki baada ya kukamua utakula wewe."

Kifaru alizunguka polepole kutwa nzima. Mafuta yalichuruzika, madebe yakajaa, na majirani nao wakaleta mbegu zao zikamuliwe papo hapo.

Daraja lilipojengwa upya, Mbweha alikuja na magunia matupu.

"Nimefuata alizeti, dada."

"Mbegu sitoi tena. Mafuta yapo."

Mbweha aliinamisha kichwa. "Ng'ambo hatulimi alizeti. Tangu mafuriko vinu vyetu vimekaa bure, na watu wananililia mafuta."

"Basi wapelekee haya. Ila bei nitapanga mimi."

Mbweha aliweka magunia yake chini. Kisha akaomba madebe mawili ya kuanzia.