Shada la Doti

Sauda alikuwa anashona ua la mwisho, na kitambaa kimemwishia, mlango ulipofunguliwa kabla hajaitikia hodi. Aliyeingia ni Bi Salha, mama wa bwana harusi, amejitanda khanga nyekundu yenye maandishi: *Karibu mwanangu, nyumba ni yako.*

Doti kama hiyo ndiyo aliyompelekea Sauda aivae siku ya kuingia kwake. Sasa ilikuwa kitandani, imekatwakatwa na kuzungushiwa waya, imekuwa shada la mawaridi.

Sauda alivuta mto alifunike. Alichelewa.

"Ulituambia maua umeagiza dukani," alisema Bi Salha.

"Nilidanganya, mama. Bei ilinishinda, nikaona aibu kusema. Na sikuwa na kitambaa kingine kizuri."

"Kesho utaingia kwangu umejifunga nini?"

Bi Salha akaligeuza shada taratibu, akitafuta maneno yake kwenye petali. *Mwanangu* lilikuwa limekatwa katikati.

Akakaa kitandani; Sauda akatamani agombwe.

"Hili ua moja bado halijaisha," Bi Salha alisema. Akaivua khanga mabegani, akaitandaza magotini, kisha akanyoosha mkono aletewe mkasi.