Sufuria ya Latifa

Serikali ilipompa mdogo wangu utoto mpya, mimi sikuwekwa ndani yake.

Sasa anaitwa Latifa. Ukimuuliza, atakwambia alizaliwa peke yake Lushoto, baba akimbeba mabegani. Kumbukumbu zote hizo ametengenezewa, na anayemkumbusha mtu utoto wake wa zamani anafungwa. Basi mimi, dada yake wa tumbo moja, naingia kwake kama shoga wa mtaani.

Kitu kimoja hawakukifuta. Kila akilala huegemeza sufuria mlangoni. Ndivyo tulivyofanya utotoni, ili baba wa kambo akisukuma mlango, tusikie.

"Mazoea tu, shoga," husema akicheka.

Na yule mwanamume? Yuko huru! Aliyetendewa hakumbuki, kwa hiyo eti hakuna kesi. Nikitoa ushahidi, nitakuwa nimemkumbusha. Sasa walimponya mdogo wangu, au walimsafisha yule?

Leo Latifa amenipokea kwa furaha. "Nimepata wa kukaa na mwanangu Zawena nikienda kazini. Mzee Kibwana, mpole huyo! Njoo umsalimie."

Alikuwa sebuleni, mtoto mapajani: yule yule wa kusukuma mlango. Alinitambua papo hapo, akatabasamu. Sheria anaijua.

Nilikwenda jikoni, nikachukua sufuria kubwa kuliko zote, nikaibamiza sakafuni.

Latifa alipiga kelele. Alimkwapua mtoto, akarudi nyuma hadi ukutani, macho hayabanduki kwa yule mzee. Hakujua kwa nini anatetemeka.

Waje wanifunge. Sikumkumbusha mtu kitu. Nimeangusha sufuria tu.