Dole Gumba Kwenye Sabuni

Mudathiri alikuwa amelala chali chini ya Landkruza ya watalii, kisu mkononi, tayari kukwangua sabuni iliyoziba ufa wa tenki, alipoiona alama ya dole gumba.

Adhuhuri ya Nangurukuru ilikuwa imetulia. Harufu ya dizeli ilimlegeza kichwa, na sauti za wauza korosho wa stendi zikawa zinatoka mbali, kama ng'ambo ya maji.

Ilikuwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, imeshindiliwa ufani kwa dole. Mistari ya ngozi ilionekana yote, imezunguka kama viwimbi vya mchangani maji yakishakupwa, na katikati yake kovu lilipita mshazari.

Kovu hilo alilijua. Yeye ndiye aliyelifunga jeraha lake kitambaa, siku mwanawe alipokatwa na grenda akijifunza kazi hapa hapa gereji. Baadaye waligombana, kijana akaondoka, na simu yake haikupatikana tena.

"Nani alikuzibia?" aliuliza.

"Kijana mmoja pale Somanga," dereva alijibu, amechuchumaa kando ya tairi. "Alisema sabuni ni ya njiani tu, nije kwako uchomelee. Nisaidie haraka, mzee wangu, wageni wananisubiri Masoko."

Mudathiri aliweka dole lake juu ya alama ile bila kuigandamiza, maana sabuni ilikuwa imelainika kwa joto.

Akatoka uvunguni, akafuta mikono, akarudisha kisu mfukoni.

"Bado inashika," alisema. "Geuza gari, twende Somanga."