Manyoya ya Jenerali Mwewe

Njiwa alimwacha mkewe akiatamia mayai, akaenda kutafuta mtama. Aliporudi alikuta mti wao umevunjwa kwa mawe yaliyoangushwa kutoka angani, na mkewe hayupo.

Jioni hiyo Mwewe, jenerali wa jeshi la anga, aliwakusanya ndege wote. Desturi yake ilikuwa kuchomeka kifuani kitu kilichotoka mwilini mwa kila nyoka aliyemuua, na kifua kilikuwa kimejaa manyoya.

"Leo tumemwangamiza nyoka mwingine," alisema, akipapasa unyoya mpya wa kijivu.

Njiwa aliutambua. "Afande, nyoka ana manyoya?"

Kasuku, msemaji wa jeshi, akadakia, "Nyoka wa siku hizi ni wajanja, mzee wangu! Wanavaa chochote."

"Basi nipeni huo nikauzike. Ni wa mke wangu."

"Hii ni nishani," alisema Mwewe. "Nishani haizikwi."

Lakini ndege walikuwa wameanza kuvihesabu viota vyao.

Kesho yake asubuhi Jenerali alishuka mtoni, akayatupa manyoya yote majini, akaanza kuokota magamba ya samaki.