Kiti cha Dirishani

"Naona mjukuu wako sasa darasani anakaa dirishani," Waziri alimwambia mbunge mkongwe mlangoni mwa ukumbi wa Bunge, akampigapiga begani, akapita.

Mzee alifika kwenye kiti chake cha miaka yote. Hakuwahi kumtajia Waziri mjukuu. Akamwandikia binti yake ujumbe.

Jibu likaja: "Ndiyo, mwalimu kamhamisha jana. Nani kakwambia, Baba?"

Leo alikuwa na swali moja tu kwa Waziri: vijana waliochukuliwa na gari lisilo na namba wako wapi?

"Mheshimiwa, uliza swali lako," Spika alisema.

Upande wa pili, Waziri alikuwa akitabasamu kama mtu anayejua swali halitaulizwa.

Mzee akasimama, akabonyeza kitufe. Akaitazama karatasi aliyoandika swali lake. Akaiweka chini.

"Mheshimiwa Spika, kabla sijauliza, naomba Waziri aliambie Bunge lako tukufu amejuaje mjukuu wangu anakaa wapi darasani."